Kanda Iliyo Sebuleni

Dada yangu mpenzi,

Nimekuficha jambo kwa miaka thelathini na moja. Ile mashine ya kanda iliyo sebuleni kwangu haikuharibika kamwe. Fyuzi niliitoa mwenyewe.

Uvumilie mwandiko wangu. Daktari ananipa wiki, mimi najipa siku.

Unajua wageni wanavyoipenda: lile sanduku la mbao linalong'aa, yale magurudumu mawili, ile mishale midogo nyuma ya kioo cha rangi ya asali. Fundi wa redio alinitania, "Mzee, huyu ni bibi harusi. Umemwoa umtazame tu?" Nawe kila ukija huipangusa vumbi kwa ncha ya kanga na kusema, "Hata ikiwa bubu, Kaka, ni nzuri." Nami hukuuliza habari za watoto.

Kanda iliyomo ni ya Mama. Siku mbili kabla hajafa aliniomba nimrekodi, kisha nikutumie. Alizungumza dakika kumi. Mimi niliyemwogesha na kumlisha miaka minne hakunitaja hata mara moja. Wivu ukanipanda. Sikuituma. Nilikuandikia kwamba bado ana hasira na ndoa yako, na kwamba ameusia usije kumzika. Ukatii, ukamlilia huko huko ugenini.

Dada, hakusema hivyo. Alisema amekusamehe, na akakuomba uje na mumeo upesi, angali anaweza kukuona.

Kaka yako