Mpini Wenye Ufa

Misunkumilo, Jumanne jioni

Najichukia leo. Nilimwambia "asante fundi," tena huku nacheka.

Mkono wa gauni nimeufumua mara nne, na kidole nimekichoma kwa sindano. Hayo sina shida nayo. Mgongo unauma, lakini wiki iliyopita nilikuwa siwezi hata kuweka zipu, na leo nimeweka. Maumivu ya namna hiyo nayaelewa.

Ila Fundi Zuhura, anayenifundisha kushona, akalinyanyua lile gauni mbele ya wateja. "Njooni mwone, mkulima wa Kasokola ameshona kwa jembe!" Wakacheka. Nikacheka nao. Walipoondoka akaniambia, "Vumilia dada, ndiyo kukomaa huko." Nikamshukuru! Miezi mitatu namshukuru, na siku hizi mteja akiingia tu, mshono unapinda zaidi.

Kulima nimelima miaka ishirini, kwetu Kasokola. Lengelenge la jembe linapasuka, linakuwa sugu, unasahau. Lakini mwaka mmoja mpini ulikuwa na ufa, ukawa unanifinya palepale kila siku. Nikajiambia nitazoea. Nilipalilia mwezi mzima mpaka kiganja kikatunga usaha, kikanuka, mume wangu akawa hataki tule sahani moja.

Na bado nilikuwa nasema mkono wangu ndio mlaini.

Mafundi wengine mjini wapo. Kesho asubuhi naenda kwa Zuhura kuchukua mkasi wangu. Asante hapati.