Mukono Uliofunga Tududu

Butembo, Vulamba
Tarehe 14 Oktoba 2001

Mupendwa ndugu yangu Ananie,

Nakusalimia mu jina la Bwana. Uko je? Bibi yako yuko je, na batoto? Na mama yako, shangazi yangu Florentine, mugongo wake umepoa? Mwaka jana tulisikia kwamba ulikuwa unamunyima usingizi, na mama yangu alimuombea kila siku.

Sisi huku tuko. Mama yangu Débora anaamka, anakula kidogo, anakaa kwenye jua. Mutoto wangu Eliane ana miaka sita, ameanza masomo na anajua kuandika jina lake. Mvua imeanza na maharagi yanaota. Nikikuambia kwamba tuko wazima nitakuwa nimesema nusu ya uongo, mais barua inaanzaka na afya, na mimi sipendi kuvunja desturi.

Hatujuani. Wewe ulizaliwa Kasese, huko Uganda, mimi Butembo, na mupaka uko katikati yetu. Mimi ni Séphora, mutoto wa pili wa mujomba wako Lusenge. Nina miaka thelathini na mbili. Ninauza chumvi na sabuni mu soko. Batu banasema niko na ulimi mukali, na bana haki.

Barua yako ilipita mu mikono ya Vagheni, yule mama anayeendaka kutafuta vitambaa Mpondwe, ku mupaka. Juu ya bahasha uliandika "Kwa Mujomba Lusenge". Nimeifungua mimi. Nilikaa nayo juma zima pasipo kujibu. Unisamehe.

Uliandika vizuri, mutoto wa shangazi. Ulijitambulisha sawa na mutu anayepiga hodi: jina, kazi, kanisa, halafu huo ugonjwa wako wa kuvua samaki kwa manyoya ya kuku. Ulisema muko batatu mu mto Mubuku, wewe na rafiki zako wawili, na batu ba huko banasema muna wazimu. Hapo nilicheka, kweli. Baba naye, Vulamba yote ilikuwa inamusema: "Lusenge havui samaki, anavua kuku." Na majogoo yetu yalikuwa yanatembea shingo wazi, bila manyoya, donc hatukuwa na jibu.

Mwishoni ulimuuliza maneno mawili. Kwanza, alifunga namna gani kale kadudu alikutumia mwaka jana. Pili, kama unaweza kuja mwezi wa kumi na mbili muvue pamoja.

Ananie, keti kwanza. Baba hayuko tena. Alikufa mwezi wa pili, na tulimuzika Kalunguta, karibu na shamba letu. Tulituma habari mara mbili, na mara mbili tuliamini imefika. Kumbe mama yako angali anamusalimia kaka yake muzima. Nilipomuuliza Vagheni juu ya nini hakumuambia shangazi hata neno moja, alinijibu: "Séphora, mimi ninabebaka mizigo, sibebi kilio." Nilimukasirikia sana. Halafu nikamuacha aende, sababu na mimi kuna kitu nimeshindwa kubeba.

Nitakueleza yote. Mais wewe umeuliza juu ya tududu, na bila tududu hautaelewa namna baba alikufa.

Labda mama yako alikueleza mwanzo wake. Baba akiwa kijana alifanya kazi mu shamba la quinquina, ule muti wa dawa ya malaria, la muzungu mumoja. Kila jumamosi muzungu yule alikuwa anaenda mtoni na fimbo ndefu, na baba anamubebea kikapu. Muzungu alipokimbia mu mwaka wa sitini, wakati wa uhuru, bengine balibaki na viti vyake na sahani zake. Baba alibaki na étau ndogo ya chuma ya kubana ndoano, kiasi cha ngumi ya mutoto, na kopo moja la ndoano. Akaona ametajirika. Vile vitu vya uzi na manyoya vinavyofungwa juu ya ndoano ili samaki afikiri ni mududu, muzungu alikuwa na jina lake. Baba aliita tu tududu, na sisi batoto tukafuata.

Sasa sikia, maana hii haijui mutu mwingine ila mama yangu. Tangu mwaka 1998 macho ya baba yaliingiwa na ukungu. Uzi hakuuona tena. Alikuwa anakaa karibu na mimi kwenye dirisha, mimi ninafunga, yeye anasema. Nikimaliza, anashika kadudu, anakapitisha pole pole juu ya mudomo wake wa chini, ili asikie kama manyoya yamesimama. Yakilala, ananirudishia: "Huyu amekufa zamani. Samaki hali maiti." Yakisimama, anakatia tu mu kopo.

Kale kadudu ulisifu mu barua, uliposema kwamba mukono wa mujomba wako haujazeeka, ni mimi nilikafunga. Baba aliona haya kukuambia kwamba haoni tena. Tulikubaliana tunyamaze. Ulikuwa uongo mudogo wa nyumbani, na ulitufurahisha bote wawili.

Basi nikufundishe, sababu umeuliza kwa heshima, na hakuna mwingine atakayekujibu. Kwanza uzi. Upitishe mu nta ya nyuki mpaka ushike kidole. Anza nyuma ya tundu la ndoano, rudi kuelekea pale inapopinda, kila muviringo ukae kando ya mwenzake kama batu ku benchi ya kanisa. Mwili wa kadudu nilifanya na sufu ya rangi ya udongo, ya pull moja ya tombola, sweta ya mitumba. Pasua ile sufu iwe nyembamba. Mara ya kwanza mukono wako utataka kunenepesha, ukatalie.

Unyoya utoke ku shingo la jogoo muzee, hapana ku bawa, hapana ku kuku jike. Jogoo kijana manyoya yake yanakunywa maji na kuzama. Funga ncha yake, uzungushe mara tatu, ine ikizidi. Na uache nafasi nyuma ya tundu! Hapo ndipo banaoanza bote banaanguka: banajaza, banajaza, na mwisho hakuna pahali pa kufungia kichwa. Mimi mwaka muzima nilikuwa ninajaza. Baba alikuwa anasema, "Séphora, samaki anakula kadudu, hakuli kuku." Ukimaliza, tia tone moja la vernis, ile ya kucha. Na uwe na kawaida ya kujaribu na mudomo. Macho yanadanganyaka.

Tangu mwezi wa pili sikugusa étau. Juzi asubuhi nilikaa nayo nifunge kamoja, ili nisikuandikie maneno ya uongo. Nilikamaliza, nikakapitisha ku mudomo, manyoya yakasimama. Nikakafungua uzi wote, nikatupa ndani ya moto. Sikutumii kitu, Ananie. Vagheni anapitaka ku barrière, pale basoda wenye bunduki banapekua batu njiani, na ku barrière ndiko tulimupoteza baba.

Ilikuwa siku ya kazi, saa ine ya asubuhi. Tulitoka shambani Kalunguta, mimi na kikapu cha mihogo, baba na fimbo yake na kopo mu mufuko wa koti. Siku tatu kabla ya hapo Mai-Mai, bale bapiganaji ba musituni banaojikinga na dawa, balikuwa balishambulia kambi moja ya basoda, na basoda balikuwa na hasira na woga, bitu bibaya bikikaa pamoja. Bakapekua kikapu changu. Bakapekua baba. Mumoja akafungua kopo, akatia kidole, na ndoano ikamuchoma. Damu ikatoka. Akapiga kelele na kutupa kopo chini.

"Oyo nini? Hii ni nini?" mukubwa wao akauliza. Akainama, akaangalia: manyoya, nywele za mbuzi, uzi mwekundu, nta, tududu kumi na moja, kila kamoja kamefungwa vizuri. Nakuapia, kama mimi ningekuwa mumoja wa basoda na sijawahi kuona, ningefikiri vilevile. "Ni dawa ya Mai-Mai," akasema. "Fétiche. Nani asali oyo? Nani alitengeneza?"

Neno lilikuwa mu kinywa changu. Ni mimi. Baba alinitangulia.

"Ni mimi nilifunga," akasema. "Ni ya kuvulia samaki, chef." Bakacheka. Samaki na manyoya! Vulamba ilichekaka hivyo miaka makumi ine, mais hiki kicheko hakikuwa kile. Yule mukubwa akanionyesha mimi na kidole. "Na huyu mama?"

"Simujui," baba akasema. "Tumekutana njiani."

Halafu yule mutu akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili, pole pole, hata hakuwa na sauti ya ukali. "Mama, unamujua huyu muzee?"

Nikasema: "Hapana. Simujui."

Bakaniambia nipite. Nikabeba kikapu changu, nikapita. Sikugeuka, sababu mutu asiyemujua muzee hana sababu ya kugeuka. Nilisikia baba anakohoa nyuma yangu. Hiyo ndiyo sauti yake ya mwisho niliyo nayo.

Siku ya tatu batu ba Kalunguta balimupata mu shamba la kahawa. Sitaandika namna alikuwa. Pasta aliomba kwa haraka, na tulimuzika hapo hapo, sababu njia ilikuwa mubaya. Mama aliniuliza wapi niliachana naye. Nilimuambia kwamba nilibaki shambani na yeye akatangulia. Mama aliniamini. Batu ba matanga bote balinipa pole: pole Séphora, ulikuwa mukono wake wa kuume. Nilipokea pole zote. Mwezi uliofuata pasta alihubiri juu ya Petro alivyomukana Bwana, nikatoka nje na kusema mutoto anataka maji.

Usiniambie kwamba baba ndiye aliyetaka. Hiyo naijua, na nimejiambia mara mia. Baba alinikana ili nipite. Mimi nilimukana ili nipite. Maneno ni mamoja, mais hayako kitu kimoja. Na najua pia kwamba kama ningesema "ni baba yangu, ni mimi nilifunga," leo Eliane angekuwa hana mama na mama yangu angezika bawili. Najua yote, Ananie. Kujua hakunisaidii.

Ile safari ya mwezi wa kumi na mbili, iache. Ukija, uje siku njia itakapotulia, na uje mikono mitupu. Tududu twako ubaki natwo mu Mubuku, uvue na rafiki zako, na batu bakicheka, ubaache bacheke.

Sasa nakuomba neno moja tu. Soma hii barua mbele ya mama yako. Umukalishe vizuri, umupe kilio cha kaka yake kwanza, aombolezee siku zake. Halafu umusomee na ile ya barrière, yote, usiruke pahali, hata ukiona machozi, hata ukinionea huruma. Kwetu shangazi ni baba mwanamuke. Walitoka tumbo moja. Hakuna mwingine aliyebaki duniani wa kunijibu pahali pa baba, na mama yangu siwezi kumuambia mpaka nisikie shangazi amesema nini.

Akisema mimi ningali mutoto wa kaka yake, niandikie, hata mustari mumoja. Akinyamaza, usiandike barua ya kunifariji. Nitaelewa, na sitamukasirikia hata siku moja.

Musalimie sana bibi yako na batoto. Salimia hao rafiki zako wawili wenye wazimu, ubaambie banenepeshe tumbo zao, hapana tududu. Mama Débora anakusalimia. Hajui nimeandika nini. Eliane ameomba aandike jina lake mwenyewe, basi ni hilo hapo pembeni, herufi ya kwanza imegeuka. Mungu alinde mulango wenu, na awape mwaka ambao hakuna mutu atakayewauliza jina la baba yenu mu barabara.

Nimefikiri sana namna ya kutia jina langu hapa chini. Nitaliandika vile ilipasa nilitaje mwezi wa pili ku barrière. Shangazi akikataa, chukua mukasi ukate nusu ya pili, uniachie ya kwanza tu.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Séphora,
mutoto wa Lusenge