Kifuko cha Gololi za Gobore

Huntsville, 12 Novemba 2023

Bibi, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lifti ya jengo lenu imeshatengenezwa. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu. Gail anakusalimu.

Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika. Najua umekasirika kwamba habari ya uchumba wangu na Gail uliiona kwenye picha, kwa simu ya mtu kanisani, kabla mimi sijakuambia. Harusi ni Mei. Usipokaa pale mbele, Bibi, sijui mimi nitasimamaje.

Nina ombi jingine pia. Baba yake Gail, mzee Neil, ni Mhindi wa Kigoa aliyezaliwa Nairobi, na kila Jumapili baada ya misa anapiga shabaha kwa gobore. Gobore kweli, ya kumimina baruti mdomoni na kusukuma gololi ya risasi kwa fimbo. Kaniazima moja nijifunze. Gololi zangu nabeba kwenye soksi, wenzangu wananicheka. Nikawaambia bibi yangu alimshonea babu Zephania kifuko cha ngozi kule Sikonge. Nishonee na mimi.

Mjukuu wako,
Darius


Weston, 26 Novemba 2023

Darius, marahaba.

Mimi mzima. Lifti haijatengenezwa, na ulipokuwa unakaa humu hukuwahi kuiulizia. Simu sipokei kwa sababu sauti yako inanisahaulisha hasira, na hasira yangu bado naihitaji.

Wewe ni mume wangu tangu nakubeba mgongoni humu ndani, mama yako, Mungu amrehemu, akiwa zamu ya kiwandani. Mjukuu akitaka kuoa anaanza kwa bibi yake. Anamwambia, mke mkubwa, nataka kukuletea mwenzio. Bibi analia kidogo, anacheka, anapewa khanga, yamekwisha. Wewe umeniletea mke mwenza kwa simu ya watu. Harusini siji.

Na kifuko sishoni. Una mikono. Sikiliza. Tafuta ngozi laini, ya mbuzi au ya paa. Kata vipande viwili vinavyolingana, umbo la kibuyu, tumbo pana na shingo nyembamba. Vishone upande mzuri ukiwa ndani. Uzi upake nta, mishono ibanane kama punje za muhindi. Halafu loweka, pindua, shindilia mpaka tumbo litune, anika kivulini. Ikikauka, shingoni unatia mdomo wa mti wenye tundu la gololi moja tu, na kizibo. Mwindaji mwenye haraka inamtoka moja, hazimwagiki zote miguuni. Babu yako alikuwa na haraka siku zote.

Huyo Mgoa wako simwelewi. Wagoa niliowajua mimi Tabora walikuwa makarani wa reli, hata mbwa walimwogopa.

Bibi yako


Huntsville, 14 Januari 2024

Bibi, shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Mgongo unaendeleaje?

Nimeshona kama ulivyosema. Nikaloweka, nikapindua. Kufika kushindilia, hukusema na nini. Nikajaza mchele, nikafunga shingo, nikaenda kazini. Niliporudi kifuko kilikuwa kimevimba kama chura, na upande mmoja mishono yote imekatika. Mchele uko mezani, sakafuni, mpaka ndani ya viatu vya Gail. Yeye alicheka mpaka akakaa chini.

Ngozi nyingine ninayo. Nifanyeje?

Mjukuu wako,
Darius


Weston, 30 Januari 2024

Darius, marahaba. Mgongo upo, bado umenishika.

Mchele? Ngozi imelowa chepechepe, wewe unatia mchele? Ulikuwa unapika pilau? Nimecheka mpaka Naheed wa ghorofa ya chini kapanda kuuliza nani kafa. Nikashindwa kumweleza, kwa kiingereza haichekeshi.

Ni mchanga, mume wangu. Mchanga mkavu. Najua wa huko umelala chini ya theluji. Nenda duka la wale samaki wanaofugwa kwenye kioo, wanauza.

Nadhani na umbo ulikosea, shingo ulikata nene. Ndani ya bahasha nimekukatia mfano kwa karatasi ya kalenda ya kanisa. Ulaze juu ya ngozi, uchore, ndipo ukate. Babu yako nilimkatia kwa jicho tu, bila karatasi.

Huyo Gail, kama alicheka akakaa chini badala ya kukugombeza, basi ana moyo. Siji, lakini ana moyo.

Bibi yako


Huntsville, 11 Februari 2024

Bibi, shikamoo.

Mfano umefika, asante. Lakini Bibi, umekata na nini? Pembeni pamechanika kama pametafunwa na panya. Au ulimpa mtoto wa Naheed? Imenibidi kunyoosha mistari kwanza. Hata hivyo mchanga wa samaki umefanya kazi.

Darius wako


Huntsville, 24 Machi 2024

Bibi yangu, shikamoo.

Hujajibu. Hujawahi kuacha barua yangu bila hata tusi.

Nilimpigia Naheed. Aliniambia unashuka kwake na chupa zako za dawa akufungulie. Kwamba tangu mwaka juzi viungo vya vidole vimevimba. Nimekaa na ile karatasi ya kalenda, nikaona nilivyokuwa mjinga. Ulikata na mikono hiyo, kwa ajili yangu, na mimi nikaleta habari za panya. Nisamehe.

Kifuko ni hiki hapa. Usikishone tena. Nataka jicho lako tu. Nimekifunga ndani ya khanga. Mke mkubwa, nataka kukuletea mwenzio, anaitwa Gail. Nimechelewa kusema, lakini nasema.

Jumamosi ya kabla ya harusi nitakuja Weston kukuchukua. Ukikataa, nitakunywa chai yako nirudi.

Mjukuu wako,
Darius


Weston, 8 Aprili 2024

Darius, mume wangu, marahaba.

Naheed ana mdomo. Nimemwambia, akajibu kwamba chupa zangu anafungua kwa mdomo huohuo.

Khanga nimepokea. Hukusoma maneno yake, yanamsimanga jirani. Nimeivaa nikashuka nayo kwa Naheed, bahati yake hasomi kiswahili. Nimelia kidogo, kama inavyotakiwa, halafu zaidi kidogo.

Kifuko nimekitazama dirishani kwenye mwanga. Upande wa kushoto mishono imelewa, wa kulia imeokoka. Gololi sina, nimetia maharage. Nimeinamisha, likatoka moja. Nimeinamisha tena, moja. Babu yako angekichukua akaondoka nacho bila kuaga.

Ni kweli, mikono. Sindano naiona vizuri, kuishika ndiyo inanishinda. Hata kalamu hii nimeizungushia kitambaa. Ulipoomba nikushonee niliona afadhali unidhanie nina hasira kuliko unihurumie. Hasira nilikuwa nayo pia, usijisahau.

Hiyo Jumamosi njoo. Usipige honi huko chini kama dereva wa teksi, panda ngazi. Nitakuwa nimefunga sanduku, na kwenu nitakaa mpaka mniombe niondoke.

Gauni nitakalovaa harusini lina vifungo mgongoni, vidogo, mstari mzima. Mwambie Gail siku hiyo aje chumbani kwangu mapema, kabla hajavaa lake, anifunge. Asimtume mtu.

Bibi yako