Kinasa Sauti Kikizimwa, Hatuongei

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na univumilie, maana maneno yamenijaa pomoni na sina wa kumwambia. Nina miezi saba ya ndoa na mwanamume ninayempenda mpaka naona haya, yule wa kunifunga vifungo vya mgongoni huku anaimba, wa kuningoja nje ya kazini na mwavuli hata mvua ikiwa imeshakatika, na wenzangu wananitania, "Bi harusi, utayeyuka wewe!" nami nayeyuka kweli, lakini ndani ya furaha hii, mshauri, nakufa.

Nafanya kazi kwenye duka la kujalidi vitabu. Wateja wetu wengi ni wanafunzi wa chuo kikuu wanaoleta tasnifu zitiwe jalada gumu na herufi za dhahabu, na mimi niliyeishia kidato cha nne huzisoma wakati gundi inakauka. Mume wangu nilimpata hapo hapo kaunta. Kwa tasnifu yake anachunguza jinsi wanandoa wapya wanavyozungumza nyumbani, na njia yake ni kuhesabu: nani kamkatiza nani, jibu limechukua sekunde ngapi, majina ya mapenzi yametajwa mara ngapi. Alikuwa na nyumba kumi na mbili, moja ikajitoa tukiwa na wiki tatu za ndoa, akaniambia, "Mpenzi, tujaze sisi hiyo nafasi, nani atajua?" Nikatia sahihi huku nacheka. Tukawa nyumba ya nane. Kila jioni kinasa sauti mezani, saa nzima.

Basi mimi nikataka tupendeze. Taa nyekundu ya kinasa ikiwaka sauti yangu inakuwa laini kama ya mtangazaji, sijawahi kununa, sijawahi kumwambia umenikera, hata siku nikiwa na hasira za kupasua sahani. Kikizimwa, yeye anavaa vipokea sauti anaanza kuhesabu, anaisikiliza sauti yangu ya jana na mimi nimekaa ubavuni kwake leo. Nikimsemesha ananiinulia kidole ningoje. Nikawa nakiwasha mwenyewe, hata saa yetu ikiwa imepita, ili nijibiwe.

Mwezi wa nne wa ndoa mimba yangu ya wiki tisa iliharibika. Alinipeleka hospitali yeye, akanirudisha yeye. Jioni nikabonyeza ile mashine kwa mkono wangu, maana nilitaka kuzungumza naye, na taa ilipowaka yeye akaanza kulia, nami nikasikia sauti yangu inasema, "Usijali mume wangu, tutapata mwingine, umekula lakini?" Baadaye akanionyesha jedwali, uso umemng'aa: maneno ya faraja, nyumba ya nane, thelathini na moja, yote ya mke. "Umeongoza nyumba zote, mama!" Nikatabasamu. Kisha nikaenda kufua shuka zilizokuwa safi.

Ana mwenzake wa chuoni tunayemwita Mzee wa Jikoni, kwa sababu yeye hahesabu kitu, njia yake ni kukaa na familia miezi, anamenya nao viazi na kuwauliza walimaanisha nini. Alikuja mchana mmoja, tukawa tunakata vitunguu, akaniuliza, "Shemeji, mashine ikizimwa mnaongea nini?" Nikacheka sana, nikacheka mpaka akaweka kisu chini. "Sikuulizi kwa ajili ya kitabu," akasema. Nikasingizia vitunguu.

Na wiki iliyopita nilikuwa najalidi tasnifu ya mama mmoja, yeye anasema mazungumzo ya nyumba huyajui mpaka uulize nani humo anaogopa kufungua mdomo, na anaogopa nini. Niliusoma ukurasa ule hadi brashi ikaganda mkononi.

Jumatatu mume wangu analeta ya kwake niijalidi. Amekwisha kuahidiwa kazi ya kufundisha. Nikisema, miaka yake mitatu ya utafiti inaharibika kwa ajili yangu. Nikinyamaza, nautia uongo wangu herufi za dhahabu kwa mikono yangu. Na linaloniua zaidi, huenda anampenda yule wa kwenye kinasa, mimi hajawahi kukutana nami. Niseme au nijalidi?

Bi Harusi wa Nyumba ya Nane

JIBU

Bi Harusi, pole kwa mtoto wako. Naona hakuna aliyekwambia, ndiyo maana naanza nayo.

Sasa sogea nikukaripie. Ulimdanganya mtu jioni baada ya jioni, halafu unashangaa hakujui? Naye hana pa kujificha: anayesema "nani atajua" anajua fika kwamba kuna anayepaswa kujua. Wala usiisingizie hesabu. Kuhesabu si kosa. Yule Mzee wa Jikoni naye angekaa kwako mwaka mzima ungemchekea vilevile, na yule mama wa tasnifu ungemjibu kwamba huogopi chochote. Kila mmoja ana njia yake ya kusikiliza, lakini hakuna njia inayosikia usichosema.

Usijalidi. Zungumza naye Jumapili asubuhi, baada ya chai, kinasa na vipokea sauti vikiwa chumba kingine. Usianze na tasnifu. Anza na siku ya hospitali. Mwambie, "Siku ile nilitaka unibembeleze wewe," kisha unyamaze. Usimwulize kama amekula! Akilia, mwache alie, usimfariji. Zamu hii ni yako.

Hayo yakishasemwa, mwambie nyumba ya nane ni ya kuigiza na lazima itolewe. Akamweleze msimamizi wake mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla tasnifu haijajalidiwa. Zitabaki nyumba kumi na moja. Huenda atacheleweshwa, huenda kazi ile ikaenda kwa mwingine. Sikufichi.

Na huenda jambo la kwanza atakalouliza likawa jedwali lake. Likiwa hilo, funga begi uende kwa dada yako au kwa mama, ukalie huko mahali utakapoulizwa unalia nini. Sikuahidi kwamba atakupenda kama anavyompenda yule wa kwenye kinasa. Yule hakupoteza mtoto. Wewe ulipoteza, na mume unayemhitaji ni yule atakayeweza kukaa na aliyepoteza. Kama siye huyu, bora ulijue una miezi saba ya ndoa kuliko miaka ishirini.