Meza ya Babu Imevalishwa Viatu

Chumba cha cherehani,
Nyuma ya duka la vitambaa.
Jumapili, tarehe tisa, asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu Mlingoti,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo? Na binti yenu, Chiriku wangu, bado anaongea mpaka chai inapoa? Sisi huku tu wazima, wazima kweli, si ule uzima wa kuandikia barua. Mama hajambo, ila sikio lake la kushoto siku hizi linasikia linachotaka tu. Shemeji yako amenenepa, na ukimwambia anasema mashati ndiyo yanayorudi kwa kufuliwa.

Barua yako nina nayo miezi miwili sasa. Niwie radhi. Niliisoma mara moja, nikaikunja nikaiweka chini ya mkebe wa vifungo, nikawa naipita tu. Uliniandikia kwamba Chiriku ameanza kuinama, kwamba daktari wenu alimpiga picha akaona mifupa mizima, lakini wewe hukuamini, ukamtoa kwenye timu ya netiboli ili asijivunje. Halafu pale chini ukanipa vipimo vya gauni lake la sherehe ya shule, ukamalizia: "Dada, nyuma ongeza vidole viwili, unajua tena mgongo wetu."

Hayo maneno yalinichoma. Mgongo wetu! Baba mkubwa alizikwa amepinda, baba naye mwisho wake alikuwa akila huku anatazama vidole vyake vya miguu, na ukoo mzima ukakubaliana kwamba ni damu. Nilishindwa kukujibu kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa wa tatu, na nilikuwa nimekuficha.

Ilianza katikati ya mabega, kama mtu amenibana na koleo. Ikapanda shingoni. Kila jioni kichwa kikawa kinagonga, usingizi ukawa wa kugeuka-geuka. Nikajikanda, nikajifunga leso, nikanyamaza. Kisha vidole vya mkono wa kulia vikafa ganzi. Siku moja nikashona kidole changu pamoja na gauni la bibi harusi na sikusikia chochote, nilijua nilipoona damu. Mficha maradhi kilio humuumbua, mdogo wangu. Mimi niliumbuliwa na kitambaa cheupe. Shemeji yako alizima cherehani yeye mwenyewe, akanishika mkono tukaenda hospitali.

Nikwambie ukweli, nilishakata tamaa. Njiani nilikuwa nagawa vitu: cherehani apewe nani, mkasi wa baba apewe nani. Nilikuwa nakuwazia na wewe, nitakwambiaje kwamba ni kweli, na kwamba mtoto wako ndiye anayefuata.

Daktari akatazama picha, akasema mifupa haina neno. Misuli ndiyo imechoshwa, na mishipa ya shingoni imebanwa kwa kuinama. Nilimwuliza mara tatu kama hiyo picha ni yangu. Akanicheka, akanituma kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mwembamba mwenye macho ya polisi. Mimi nimembandika jina la Bi Kaa-Sawa, kwa kuwa ndiyo salamu yake.

Akaniuliza nakaa kwa saa ngapi. Nikasema kutwa. Nainuka lini? Nikasema choo kikiniita. Akakunja uso. Nikamweleza habari za ukoo, nikamwambia asijisumbue, hii ni damu. Hakubishana. Wiki iliyofuata alikuja hapa chumbani, akaniambia nishone kama kawaida, akasimama nyuma yangu. Pua yangu ilikuwa karibu kugusa sindano. Akachukua futi yangu mwenyewe akapima meza. Niliposimama, ilinifikia katikati ya paja.

"Nani alikuwa anakaa hapa kabla yako?"

Nikasema baba. Kabla ya baba? Baba mkubwa. Na kabla yake? Babu, aliyeichongesha. Akauliza babu alikuwa na urefu gani, nikasema simkumbuki, maana alifariki mimi mdogo na wewe hujazaliwa. Nikakumbuka makoti kwenye sanduku la Mama.

Ee ndugu yangu! Nilivaa koti la babu, likaishia kiunoni na mikono ikaishia viwikoni. Kumbe lile jina la Babu Kipande halikuwa utani! Halafu, kama fundi, nikalilaza mezani nikapima. Kipande cha nyuma na cha mbele sawasawa, koti la mtu aliyenyooka. Nikalitoa la baba. Nyuma limezidi vidole vinne. Mimi ndiye niliyelishona, na nakumbuka nilivyoviongeza hivyo vidole bila kuwaza, kwa kuwa fundi hushona mwili alioletewa.

Nikamwita Mama, nikamwuliza kama babu alipinda. "Mkwe wangu? Alikuwa mfupi, lakini wima kama msumari." Mbona miaka yote hukusema? "Nani aliniuliza?"

Basi ndiyo hiyo damu yetu, Mlingoti. Meza ya mtu mfupi! Babu aliichongesha miguu mifupi imtoshe yeye, akausia isiguswe kwa kuwa ndiyo iliyowalea watoto wake. Wakaja wanawe warefu, waliorithi urefu wa bibi, wakajikunja juu yake miaka arobaini, na hakuna aliyethubutu kuiinua hata kwa tofali. Nami nikaja nikakaa palepale kwa adabu zote. Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulilisikia mno, tukavunjika mgongo. Wewe uliyetoroka cherehani ukaitwa mkaidi ndiye pekee uliyebaki mlingoti. Usivimbe kichwa.

Mama alicheka na sisi. Baadaye nilimkuta amekaa na koti la baba mapajani. Akasema, "Tulimnunulia fimbo. Kumbe tungemnunulia matofali." Nililia, na yeye akalia. Sitaki kukuficha hilo, nimeshaficha vya kutosha.

Meza hatukuitupa, na wosia hatukuuvunja. Seremala wa jirani ametuchongea vigogo vinne, kila mguu umeingia kwenye chake. Mama mwenyewe alitoa hukumu: meza haijaguswa, imevalishwa viatu. Kiti nimepata chenye egemeo, taa nimeisogeza, na majora ya vitambaa siyapachiki tena bega moja. Bi Kaa-Sawa amenipa sheria moja ninayoipenda, kwamba kila uzi wa bobini ukiisha, niinuke. Nainuka, naegemeza mgongo ukutani, kisigino, makalio, mabega na kisogo, napumua mara kumi, kisha naendelea. Wateja wa mwanzo walidhani nimepandisha mashetani. Sasa wapo wanaosimama ukutani pamoja nami huku wakisubiri nguo zao.

Vidole vimerudi. Si vyote kwa siku moja, lakini jana nilidondosha pini nikaiokota bila kuitazama. Nalala usiku mzima. Na Ijumaa nilivaa gauni langu la mwaka jana, nikawa nasikia kitu kinaburura nyuma. Nikageuka kutazama nimekanyaga nini. Ni pindo la gauni! Nilikuwa nimejiongezea nyuma, mwaka hadi mwaka, kama nilivyomwongezea baba. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Sasa nisikilize, mimi ni mkubwa wako. Chiriku hakukaa kwenye meza ya babu hata siku moja. Wewe mwenyewe umeandika kwamba anasoma kitandani, kitabu magotini, simu imegusana na pua, na begi zito analitupia bega moja. Mtafutie meza inayomfikia viwiko. Simu aiinue ifike machoni. Begi alivae mabega yote mawili. Nilimsomea Bi Kaa-Sawa barua yako, akasema kama daktari wenu amemwona mzima, basi kumtoa uwanjani ndiko kumzidishia kukaa, na mchezo ndio unaoujenga mgongo. Na umwulize kwa upole, usiwe na sauti yako ile, kama wenzake wanamcheka urefu. Mimi nilichekwa, nikawa najifupisha ili nilingane nao. Mwambie shangazi yake ni mrefu na ameacha kujificha.

Nisalimie wifi sana, mwambie kitambaa alichonitumia nimekiona. Mama anakusalimu na anasema ukija uje na picha ya mjukuu wake akiwa amesimama wima. Shemeji yako anasalimu kwa sauti kutoka jikoni. Seremala naye, ingawa hamfahamiani, maana ameshajifanya ndugu.

Mzigo utakaofika na barua hii una nguo mbili. Ya kwanza ni sketi ya netiboli, hukuiagiza. Ya pili ni gauni la sherehe. Vipimo vyako nimevifuata vyote isipokuwa kimoja. Nilishika chaki, nikaufikisha mkono pale ulipozoea kuongeza, nikaurudisha. Kipande cha nyuma na cha mbele nimevikata sawasawa.

Mungu awalinde, awainue, na akuondolee hofu kama alivyoniondolea mimi.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
niliyeiandika barua hii nimekaa wima, na bobini nimebadilisha mara mbili.