Maiti Hapokei Kanga

Pongwe, Tanga
Jumatatu, 3 Juni 2024

Kwa mpwa wangu Leticia,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Dar es Salaam? Kifua chako bado kinakusumbua? Sisi huku wazima, goti la mke wangu Praxeda limetulia, na mbuzi kazaa mapacha. Baada ya salamu, nina hasira.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu hupokei, na hasira niliyonayo haienei kwenye ujumbe wa simu. Jumamosi niliwaleta watu kumi na mmoja kutoka Pongwe hadi ukumbi wa Ngamiani kukutazama. Kumi na mmoja, Leti. Mzee Anold aliwaachia ngedere mahindi yake. Noorjehan wa duka la vitambaa, ambaye tangu afiwe na mumewe hajafunga duka mchana, alifunga. Wote kwa neno langu. Niliwaambia mtoto huyu kipaji kakitoa kwangu, maana mwaka themanini na saba nilipoigiza mfalme kule kwenye mashamba ya mkonge, chui alishuka kutoka msitu wa Amani, akakaa nyuma ya watazamaji, na hakuondoka mpaka tulipomaliza. Nikawaambia pia kwamba tukimtunza atasimama, atatutaja majina mmoja mmoja, kama ilivyo desturi.

Basi ulipolala juu ya mkeka, wenzako wanakulilia, nikaona ndio wakati. Msanii hutunzwa akikolea, na wewe ulikuwa umekolea. Nikapanda jukwaani na kanga aliyoichagua Noorjehan mwenyewe, imeandikwa WETU NI WETU HATA AKIWA MBALI, nikacheza mabega kidogo, nikakufunika. Hukufumbua hata jicho moja. Nikainama nikakuambia, "Leti, ni mimi mjomba." Ukumbi mzima ukacheka, na wanaume wawili wa kikundi chenu wakanishika kwapani wakanishusha kama gunia la mihogo. Mimi, ambaye hata chui alinipa heshima.

Halafu tukakungoja mlangoni. Tulingoja mpaka mfagiaji akafunga. Kumbe umetokea mlango wa nyuma. Mzee Anold akaniuliza, "Una hakika huyu ni mpwa wako?" Mama yako Benedikta angekuwa hai, neno hilo lingemuuma kuliko lilivyoniuma mimi.

Watu wa Pongwe wanataka kuombwa radhi. Anayepigiwa makofi na watu ni wa watu.

Mjomba wako,
Tadeo


Dar es Salaam
14 Juni 2024

Mjomba, shikamoo.

Milele amina. Kifua changu hakijambo, namshukuru Mungu. Nimefurahi kusikia habari za goti na za mbuzi.

Na mimi nina hasira, mjomba, uniwie radhi. Nilikuwa nimekufa. Maiti hapokei kanga. Nilikueleza kwenye simu mara mbili kwamba hii si taarabu wala si vichekesho vya harusini, ni tamthilia, watu hukaa wakatazama mpaka mwisho. Ukasema unajua, umeshakuwa mfalme.

Mle ukumbini walikuwemo wageni watatu wanaochagua vikundi vya kwenda kwenye tamasha la Kigali. Walikuja kuona kifo kile, maana ndicho kinachobeba igizo zima. Wakakuona wewe unacheza mabega. Hawakungoja mwisho. Tulifanya mazoezi mwaka mzima, mjomba. Mathew, mwongozaji wetu, hakunifokea hata kidogo, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilitoka mlango wa nyuma kwa sababu nilikuwa nalia, na nilijua huko mbele mngetaka picha.

Mnanitaka niwe nini? Mnataka nife vizuri mpaka mlie, halafu mnataka nifufuke palepale niwasalimie kwa majina. Yote mawili kwa pamoja siyawezi.

Kanga ninayo. Sijaivaa.

Mpwa wako,
Leti


Pongwe
22 Juni 2024

Kwa Leticia,

Salamu nyingi, afya tunayo. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama.

Wageni watatu waliondoka, watu kumi na mmoja walibaki. Sasa watazamaji wako ni nani? Wale walikuja na kalamu, sisi tulikuja na kanga. Mimi darasa la sita niliacha kwa hiari yangu, lakini hesabu hiyo naiweza.

Halafu ujue kwamba nakulinda. Watu walipozidi kuniuliza, niliwaambia waigizaji wakubwa hunyweshwa dawa ya mizizi kutoka Amani inayosimamisha mapigo ya moyo nusu saa, ndiyo maana hukunisikia. Wameamini. Noorjehan kauliza kama haina madhara kwa mwanamke ambaye hajazaa, na kaniletea chupa ya asali nikutumie. Mzee Anold tu ndiye aliyetikisa kichwa.

Kwa hiyo nimetangaza baada ya misa kwamba utakuja na kikundi chako kuigiza ukumbi wa parokia tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, saa nane mchana. Sikukuuliza kwanza maana ungekataa. Usipokuja, mimi Pongwe sina uso. Nitahamia Amani nikaishi na yule chui.

Mjomba wako,
Tadeo


Pongwe
20 Julai 2024

Leticia,

Hujambo? Mwezi mzima hujajibu.

Mabenchi tumeshaahidiwa na shule. Wanakwaya wamefagia ukumbi. Praxeda haendi tena sokoni na wenzake, anakwenda peke yake, kwa kukimbia maswali. Na Mzee Anold kila nikipita kwake ananiuliza, "Maiti kaamka?" Ninapita bila kumjibu, na wewe unajua mimi si mtu wa kukosa jibu.

Ulizaliwa mikononi mwetu. Hata kukataa, mtu huandika.

Mjomba


Dar es Salaam
2 Agosti 2024

Mjomba, shikamoo.

Natumaini mama Praxeda na wote hapo nyumbani hawajambo. Nilichelewa kwa sababu barua mbili nilizoandika kabla ya hii nilizichana.

Tutakuja. Mathew kakubali, anasema igizo lililovunjikia Tanga limalizikie Tanga. Lakini nina sharti, na ulisome kwa sauti mbele ya watu. Nikiwa nimelala, hakuna anayepanda jukwaani. Nikiamka nikainama na wenzangu, hapo pandeni wote, hata na mbuzi. Wewe hutakaa. Utasimama kwenye ngazi ya jukwaa uzuie watu. Ukipanda wewe, mjomba, nitabaki nimekufa mpaka Pongwe yote irudi makwao, na sitakuja tena.

Habari ya dawa ya mizizi, waambie mwenyewe kwamba haipo.

Mpwa wako,
Leti


Pongwe
19 Agosti 2024

Kwa mpwa wangu Leticia,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini mlifika salama na ndizi hazikupondeka njiani. Sisi wazima. Hasira bado ninayo, ila imehama mahali ilipokuwa.

Nilisimama kwenye ngazi na fimbo ya marehemu babu yako, kama ulivyoagiza. Nilizuia watu arobaini. Haya, watatu. Noorjehan alishainuka na kanga yake, nikamtazama tu, akakaa. Mama mmoja wa kwaya alitaka kupiga vigelegele, nikamwonyesha fimbo. Dawa ya mizizi niliwaambia haipo. Hawakuniamini.

Halafu ukalala. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwako, sina pa kupeleka macho. Ubavu wa kulia, mkono chini ya shavu, mguu mmoja nje ya mkeka. Hivyo hivyo tulivyomkuta Benedikta asubuhi ile, mimi na wewe, una miaka tisa. Nilikufunika macho kwa kofia yangu. Miaka yote hii nimeamini hukuona.

Sasa sikiliza neno lisilo na chui ndani yake. Kule Ngamiani sikupanda kukutunza. Nilipanda nikuamshe. Kanga ilikuwepo tu mkononi, na mabega niliyacheza ili watu wasijue ninachofanya.

Na hilo ndilo linaloniudhi, Leti. Unamwambia mtu akae kimya atazame, humwambii atatazama nini. Mimi si wa kalamu wala si wa kanga, mimi ni kaka yake Benedikta. Ulipaswa kuniambia.

Safari hii sikupanda. Niling'ang'ania ngazi kwa mikono miwili mpaka fimbo ikaanguka. Ulipoamka ukainama, Pongwe nzima ikapanda, mbao zikalia, wakakutupia kanga juu ya kanga mpaka uso ukapotea. Nilibaki chini peke yangu. Ukashuka kunifuata, ile WETU NI WETU umejifunga kiunoni, ukaniambia sikioni, "Mjomba, nimeamka." Nikajifuta macho kwa pindo lake. Mimi.

Mzee Anold kaniuliza nililia nini. Nimemwambia ni vumbi la mkonge, lilivuma kutoka mashambani likapita dirishani, likaniingia macho yote mawili kwa mpigo. Akikuuliza, usinikanushe.

Mjomba wako,
Tadeo