Ndoo ya Bluu na Kilo Saba

Jumatatu, 1 Septemba
Nimetoka shuleni nimechoka, nikaenda mwaloni Bangwe, wanaposhushia samaki, kuandika uzito wa magunia. Mimi ndiye katibu wa kikundi chetu cha akina mama wakaushaji dagaa. Leo tena gunia la Mama Anyesi limepungua kwa mnunuzi. Kompyuta yangu inasema kilo 35, mizani yake inasema 31. Mara ya nne tangu ziwa lifunguliwe tena kwa uvuvi. Ya wengine hayapungui. Ufunguo wa stoo anao Mama Anyesi. Wanasema anachota baada ya kupimiwa. "Mrundi yule," kasema mmoja. Imeniudhi. Lakini kusema kweli, nami namshuku.

Jumatano, 3 Septemba
Kesho nafundisha Darasa la Tano Kigawo Kikubwa cha Shirika. Namba za kitabuni wamezikariri, wajanja hawa. Nikachukua uzito wa magunia sita: 42, 35, 63, 28, 56, 49. Nikaandika kwenye kompyuta =GCD(B2:B7) nipate jibu. Saba. Haya, bahati. Nikachukua mengine sita. Saba. Nikaweka safu nzima, magunia mia na kumi na nane. Saba!
Vitu vilivyopimwa kweli havipatani hivyo. Lazima pangekuwa na 37, na 44 mahali, na kigawo kingeshuka mpaka moja. Hizi namba hazikutoka kwenye mizani.
Mpimaji ni Baba.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimefundisha ovyo. Labda nilikosea. Nikajaribu MOD, nigawe kila gunia kwa saba nione baki. Sifuri, sifuri, sifuri, mpaka chini.
Miaka thelathini Baba anapima samaki hapa. Watu wanamwamini kuliko mizani yenyewe. Sasa namshuku kula njama na mnunuzi. Chakula chake nimempa bila kumtazama.

Jumamosi, 6 Septemba
Nimejibanza nyuma ya chanja ya kuanikia dagaa kumchungulia babangu. Aibu, mtu mzima kama mimi.
Gunia la Mama Anyesi. Baba alilijaza kwa ndoo yake ya bluu, kila ndoo akaisawazisha kwa kiganja, akahesabu midomoni. Ndoo tano. Kisha akalining'iniza, akaikazia macho mizani, akatangaza 35. Mshale ulikuwa kwenye 31.
Hapo nikaelewa. Anazidisha ndoo kwa saba. Wengine huanika mchangani, huleta dagaa wenye unyevu, ndoo yao inafika saba kweli. Mama Anyesi hukausha chanjani mpaka dagaa ukiwashika wanavunjika. Ndoo yake ni nyepesi. Anayekausha vizuri kuliko sote ndiye tunamwita mwizi.
Watu walipoondoka nikamwamkia Baba, nikamuuliza mshale uko wapi.
"Mwanangu, mshale sijauona tangu Ramadhani."
Akaniomba nisimwambie mtu. Kesho kikao cha kikundi kinamfukuza Mama Anyesi.

Jumapili, 7 Septemba
Mama Anyesi hakujitetea. Aliweka ufunguo mezani. "Imana irabona," alisema kwa Kirundi. Mungu anaona. Basi.
Nikasimama. Nikasema yote: ndoo, saba, macho ya Baba. Wakaleta ndoo mbili, ya mchangani na ya chanjani, zikapimwa mbele ya wote. Ya chanjani ikawa nyepesi. Yule aliyesema Mrundi aliinamia kanga yake.
Mwenyekiti kamrudishia ufunguo. Nilimwendea Mama Anyesi kuomba radhi. Alinisikiliza, mkono hakunipa. Ana haki. Baba alishaondoka peke yake, akipapasa ukuta. Nimemwaibisha mbele za watu waliomheshimu maisha yake yote. Ningerudia tena, na bado naumia.

Jumanne, 9 Septemba
Nimempeleka Baba kliniki ya macho. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari kasema watamfanyia upasuaji mwezi ujao.
Baba hajanisemesha tangu kikao. Kwenye ngazi za kutokea alisimama, akanyoosha mkono kando. Nikaushika. Hakuniachia mpaka tulipofika nyumbani.